Hairuhusiwi Kupiga Picha

Nimerudi na picha elfu mbili na mia nne.
Mama alizitazama zote kwenye simu, kibarazani, Mabatini,
miwani imeshuka puani, kidole kikisukuma miji
kama mtu anayepeta mchele.
Istanbuli, pita. Praha, daraja lenye masanamu, pita.
Lisboni, kuta za vigae vya buluu, akasimama kidogo.
"Hapa nani anafuta vumbi?"
Sikujua. Nilifika alfajiri makusudi,
watu wasije wakaniharibia picha.

"Na hili jumba, mawe yake ya wapi?"
Nikataja karne, nikataja mtindo wa dari,
nikataja na jina la mfalme.
"Sijakuuliza mfalme. Nimekuuliza mawe."

Mama anayajua mawe.
Miaka ishirini na sita ameponda kokoto nyuma ya nyumba,
mguu mmoja kaukunja, mwingine kaunyoosha,
kidole kafunga mpira wa baiskeli, nyundo isimle.
Lile jabali lililoegemea choo cha akina Lushinge,
kubwa kama basi, tulilopanda tukiwa wadogo
kuiona meli ya Ukerewe ikitoka,
halipo.
Lilikwenda mjini ndoo kwa ndoo.

Wageni hupiga jiwe lile la majini, la Bismarck.
Nami nimelipiga: jua likizama, jua likichomoza,
korongo juu yake kakunja shingo
kama karani asiyelipwa miezi mitatu.
Mama hajawahi kuniomba picha ya jiwe lile.
"Lile halijafanya kazi yoyote," anasema.

Jumamosi akavaa kitenge cha zambarau,
akanishika kiwiko: twende,
kuna jengo nataka ulipige.

Ghorofa sita, karibu na Rwagasore. Benki chini,
juu mawakili na daktari wa meno.
Jengo baya. Nasema kama mtu wa kazi:
vioo vya kijani kibichi kama chupa ya soda,
bomba la maji machafu linatambaa usoni,
hakuna mstari hata mmoja wa kulishika jicho.
Mama akanyoosha kidole.
"Ghorofa ya tatu, nguzo ya pembeni.
Ile ni choo cha akina Lushinge.
Lori lilipakia Alhamisi, Ijumaa nikamzaa Mbuke,
hela nikalipwa mtoto anaota meno."

Nikapiga goti kando ya mtaro.
Nilikuwa bado natafuta pembe
mlinzi alipokuja mbio, rungu mkononi.
"Hairuhusiwi."
"Hairuhusiwi nini?" mama.
"Kupiga picha jengo."
"Jengo la nani?"
Kijana akafikiri. Sare imemzidi mabega,
kola inanuka sabuni ya mche.
"La wenyewe."
"Wenyewe si ndio tumefika,"
akasema mama, wala hakucheka.

Picha imetoka hivi:
robo tatu ni kiganja cha mlinzi,
kipana, kina mistari mingi,
kovu refu chini ya kidole gumba.
Pembeni ni mama, mdomo wazi, katikati ya neno.
Jengo halionekani, ila kipande cha kijani
kati ya kidole cha shahada na cha kati.
Nguzo, hata kivuli chake hakuna.

Nilitaka kuifuta. Akanipiga mkono.

Sasa ipo baada ya Praha, kabla ya Lisboni.
Jirani wakija, mama huwapeleka mbio,
minara, makuba, madaraja, pita, pita,
akifika hapo huacha kupeta.
Huipanua kwa vidole viwili, huisogeza simu,
huisogeza tena, uso umeingia ndani ya kioo.
"Haionekani, mama," namwambia.
"Imo," anasema. "Huyo kijana kaifunika tu."